Ranchi ya Waggoner Sokoni: Uhakiki wa Tangazo la Dalali

Hadithi, mashairi na tamthiliya vimehakikiwa sana katika majarida ya Kiswahili, na ni haki vihakikiwe. Lakini iko fasihi nyingine ambayo mabwanyenye huiandika kwa ustadi mkubwa, nasi huipitisha machoni bila kuisoma. Fasihi hiyo ni tangazo la kuuza mali. Tangazo lina msimulizi, lina shujaa, lina mambo linayoyatanguliza na mengine linayoyaacha nyuma ya pazia, na hapana budi liwe na tabaka linalosema kwa kinywa chake. Makala hii inachukua tangazo moja na kujaribu kulisoma kama kada anavyopaswa kusoma maandishi yoyote, yaani kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa faida ya nani.

Mwaka 2014 madalali wa mashamba katika jimbo la Texas, Marekani, waliiweka sokoni Ranchi ya Waggoner, yenye makao karibu na mji wa Vernon. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 725. Bidhaa yenyewe ilikuwa ardhi ya zaidi ya ekari 510,000 iliyoenea katika wilaya sita, eneo kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja. Juu ya ardhi hiyo kulihesabiwa ng'ombe wapatao 6,800, farasi 500, visima vya mafuta zaidi ya 1,000, ekari kama 30,000 za kilimo, maziwa, majumba, pamoja na uwindaji wa kulungu, kware, njiwa, bata maji na nguruwe mwitu. Sifa iliyotangulizwa mbele ya zote ni kwamba hii ndiyo ranchi kubwa kuliko zote nchini Marekani iliyo ndani ya uzio mmoja. Na mali yote hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 160.

Tuanze na hesabu. Gawa ekari hizo kwa ng'ombe 6,800, utaona kila ng'ombe ana ekari 75. Gawa dola milioni 725 kwa ng'ombe hao hao, utaona kila mmoja amebebeshwa mgongoni zaidi ya dola 100,000. Ni kweli nchi ile ni kame na ng'ombe huhitaji nafasi, lakini hakuna mfugaji awezaye kurudisha fedha ya namna hiyo kwa kuuza nyama. Basi ng'ombe wanafanya kazi gani katika tangazo? Wanafanya kazi ya mapambo, na pengine ya kodi pia. Sheria za Texas huruhusu ardhi ya kilimo na mifugo itozwe kodi kwa kadiri ya mazao inayoweza kutoa, si kwa bei yake ya sokoni. Na tangu wapiga kura wa jimbo hilo walipokubali mwaka 1995, hata kutunza wanyamapori kunahesabiwa kuwa matumizi ya kilimo. Tajiri mwenye maelfu ya ekari huonekana mbele ya mtoza kodi kama mkulima mwenzetu. Kinachouzwa hasa katika tangazo ni ardhi kama akiba ya mtaji, mafuta yaliyo chini yake, na raha ya kumiliki. Bei ya nyama haina nafasi kubwa humo.

Shujaa wa simulizi hii ni ukoo. Matangazo ya ranchi za Marekani hupenda sana neno familia, maana neno hilo huifanya mali ionekane kama kitu kilichoota chenyewe, mfano wa mwembe uliopandwa na babu. Historia ya ukoo huu husimuliwa hivi: Daniel Waggoner alianza ufugaji katikati ya karne ya 19 (wenyewe huhesabu tangu mwaka 1849), akaingia wilaya ya Wise akiwa na ng'ombe 242 na farasi sita. Akafanikiwa. Mwaka 1870 yeye na mwanawe, William Thomas, wakaswaga kundi hadi Kansas na kurudi na faida ya dola 55,000. Kwa siku hizo ilikuwa fedha ya kutisha.

Lakini simulizi hiyo hiyo, ikisomwa katika vitabu vya historia ya Texas vyenyewe, ina mtu wa pili. Daniel Waggoner hakuswaga ng'ombe wale peke yake. Alikuwa na kijana mweusi wa miaka 15, mtumwa wake. Ng'ombe wametajwa kwa idadi, farasi kwa idadi, na kijana kwa umri. Jina lake simulizi inayorudiwa hailitaji. Sasa linganisha na farasi dume aitwaye Poco Bueno, aliyezaliwa mwaka 1944 na kununuliwa na E. Paul Waggoner, mwana wa William Thomas. Farasi huyo alipokufa mwaka 1969 alizikwa akiwa amesimama wima, kama bwana wake alivyoagiza katika wosia, na juu ya kaburi lake kando ya barabara kuu likawekwa jiwe la mawe magumu lenye jina lake. Sina chuki na farasi, na wajuao mambo hayo husema alikuwa mnyama bora kweli, mzazi wa kizazi kizima cha farasi wa kazi. Ninachosema ni kwamba jiwe lile na ukimya ule, vikiwekwa pamoja, vinatueleza habari ya ukoo huo ambayo dalali hana haja ya kuiandika.

Ardhi yenyewe ilitoka wapi? Hapa tangazo huanza na hati, na hati huanza na mnunuzi wa kwanza. Kabla yake panaonekana kama uwanda mtupu uliokuwa ukingoja mwenyewe. Kumbe nchi ya pande mbili za mto Red River ilikuwa ya Wacomanche na Wakiowa, watu wa farasi na wawindaji wa nyati. Mkataba wa mwaka 1867 uliwabana katika eneo maalum upande wa kaskazini wa mto. Vita vya mwaka 1874 na 1875 vikamaliza upinzani wao, na kundi la mwisho chini ya Quanah Parker likajisalimisha mwaka 1875. Kisha wafugaji wakubwa, Waggoner akiwa miongoni mwao, wakaufuata hata ule mkeka uliobaki. Waliwakodi wenyeji malisho kwa malipo yaliyoitwa pesa za majani, wakawaswaga maelfu ya ng'ombe ndani ya eneo lile. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Marekani ililigawa eneo hilo vipande vipande na kuwafungulia walowezi. Kwa hiyo mwenyeji alipita katika hatua tatu kwa muda wa maisha ya mtu mmoja: mwenye nchi, kisha mpokea kodi ya majani, kisha mtu mwenye kipande.

Upande wa kusini wa mto jambo lilikwenda kwa njia nyingine, ambayo yafaa wanafunzi wetu waiangalie kwa makini kuliko ile ya vita. Texas ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 ilibaki na ardhi yake ya umma. Ardhi hiyo haikuwa ya serikali ya Washington. Ilikuwa mali ya jimbo, na kwa maneno ya sheria ilikuwa mali ya watu wa Texas. Jimbo likaigawa. Makampuni ya reli yalipewa kiasi cha ekari milioni 32. Jengo la Bunge lililoko Austin, lililokamilika mwaka 1888, lililipiwa kwa ekari milioni tatu, ambazo ziligeuka kuwa ranchi moja ya kampuni. Ardhi nyingine ikauzwa kwa faida ya shule, kwa bei nafuu na kwa masharti ambayo mwenye mifugo mingi na wanasheria aliyamudu kuliko mkulima mdogo. Leo zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas iko mikononi mwa watu binafsi. Hakuna jeshi la kigeni lililofanya hivyo. Bunge lilifanya, kwa kupiga kura, kikao baada ya kikao, na kila mara kwa jina la maendeleo.

Habari ya mafuta nitaipita haraka, maana imesimuliwa mno. William Thomas alikuwa akichimba maji ya ng'ombe mwanzoni mwa karne ya 20, akakuta mafuta, na inasimuliwa kwamba alikasirika. Mwaka 1911 kisima kililipuka karibu na mji wa Electra, uliopewa jina la binti yake, na hasira ikaisha.

Kwenye uwindaji ndipo pa kukaa. Msomaji wetu anaweza kudhani kwamba uwindaji umetajwa katika tangazo kama starehe ya pembeni. Sivyo. Kwa sheria ya Texas wanyamapori si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya watu wa jimbo. Kulungu anayeruka uzio wa Waggoner ni wa umma kabla ya kuruka na baada ya kuruka. Lakini lango ni la mwenye ardhi, na asiyeruhusiwa kupita langoni hawezi kumfikia mnyama aliye wake. Hivyo mwenye ardhi humkodisha mwananchi haki ya kuingia, kwa msimu au kwa ekari, na biashara hiyo imekuwa tegemeo la ranchi nyingi za jimbo hilo. Umma una mnyama, bwanyenye ana lango, na fedha hupita langoni. Huu ni mfano safi wa kile tunachokieleza kwa shida darasani, tofauti baina ya umiliki wa maandishi na umiliki wa kweli wa njia za uzalishaji mali.

Na uwindaji huo tangu mwanzo ulikuwa siasa. Mwezi Aprili 1905 Rais Theodore Roosevelt alikuja kuwinda mbwa mwitu katika malisho ya Wacomanche yaliyokuwa yamekodiwa, akiwa mgeni wa Waggoner na mfugaji mwenzake Burnett. Quanah Parker naye alikuwapo. Ndipo wakati ule ule swali la kuyafungua malisho hayo lilipokuwa mezani mwa serikali. Miaka minne baadaye, Aprili 1909, Roosevelt huyo huyo, akiwa ametoka madarakani, alishuka Mombasa. Akapanda reli kwenda bara, akalala katika mashamba ya walowezi, likiwamo shamba la Juja la Mmarekani tajiri William Northrup McMillan. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, mizigo ikibebwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Kutoka Red River hadi Athi ni bahari mbali, lakini mgeni ni mmoja, mwenyeji ni wa tabaka lile lile, na anayeingia katika picha kama mapambo ya mandhari ni yule aliyekuwa na nchi.

Mkondo huo umekwishageuka na kurudi. Ranchi ya Y.O. ya ukoo wa Schreiner, kusini zaidi katika Texas, baada ya ukame mkali wa miaka ya 1950 iligeukia wawindaji wa kulipa na wanyama wa kuletwa kutoka Asia na Afrika. Nayo imeuzwa katika muongo uliopita. Choroa wa jangwa la Sahara mwenye pembe za jambia alitangazwa mwaka 2000 kwamba ametoweka porini, wakati katika ranchi za Texas wako kwa maelfu na huwindwa kwa malipo. Kuna watetezi wanaosema kwamba bila biashara hiyo asingebaki hata mmoja, na hoja yao haiwezi kutupwa, kwa sababu baadhi ya choroa waliorudishwa Chad ni uzao wa waliofugwa nje. Lakini angalia mnyama wa Afrika amehifadhiwa wapi, na nani anamiliki lango.

Turudi kwa ukoo, maana hapa ndipo tangazo linapojisuta. Kama familia ndiyo shujaa, kwa nini inauza? William Thomas Waggoner aliwagawia watoto wake watatu sehemu za ardhi mwaka 1909, kisha mwaka 1923 akayakusanya yote tena katika chombo kimoja cha udhamini ili mali isikatwe vipande. Alifahamu kwamba mali ya namna hii ina adui ndani ya nyumba. Baada ya kufa kwake mwaka 1934 hisa ziliendelea kushuka kwa urithi hadi zikabaki matawi mawili, kila moja na nusu. Mwaka 1991 mjukuu wake Electra Waggoner Biggs, mchongaji sanamu, aliiomba mahakama ivunje udhamini na mali iuzwe. Tawi la pili likakataa. Nusu kwa nusu hakuna wa kumshinda mwenzake kwa kura. Mwombaji alikufa mwaka 2001 na kesi ikamzidi umri. Warithi wakaendelea, na mali ikaja kwenda sokoni kwa amri ya mahakama. Hii ndiyo familia iliyo katika tangazo. Watu ambao kwa zaidi ya miaka 20 walizungumza kwa kupitia mawakili.

Frederick Engels alipochapisha mwaka 1884 kitabu chake juu ya chimbuko la familia, mali binafsi na dola, alionyesha kwamba familia ya bwanyenye ni chombo cha kurithisha mali. Kesi ya Waggoner inaongeza upande wa pili wa jambo hilo: mali ikikua kupita kiasi humgeuka mzazi wake na kuifanya familia kuwa orodha ya wenye hisa. Wapo waandishi wa Marekani waliolia kwa kuuzwa kwa ranchi hiyo kama kufa kwa zama za uungwana. Uhakiki wa namna hiyo ni wa machozi tu. Unamlilia mwenye mali wa jana kwa sababu alivaa kofia na kupanda farasi, na kumlaumu wa leo kwa sababu anapanda ndege, ilhali hati ni ile ile na uzio ni ule ule.

Mnunuzi alijulikana mwezi Februari 1916? La, Februari 2016, ingawa msomaji angesamehewa kudhani ni karne iliyopita. Ni Stan Kroenke, tajiri wa viwanja vya michezo na majumba ya biashara. Bei aliyolipa haikutangazwa. Vijana wetu wanamfahamu bila kujijua kwamba wanamfahamu, kwa kuwa ndiye mmiliki wa klabu ya Arsenal ya London, ambayo mwaka 2018 aliichukua yote hadi hisa za mashabiki wadogo. Agosti 2017 kituo chake cha televisheni ya uwindaji kilipoingia Uingereza kulizuka kelele juu ya picha za kuuawa kwa tembo na simba wa Afrika, akaagiza ziondolewe. Lakini mapema zaidi, mwaka ule ule wa 2016, amri nyingine ilikuwa imetoka upande wa Texas na kelele zake hazikufika mbali. Kando ya ziwa Diversion, ndani ya ranchi, waliishi watu ambao nyumba zilikuwa zao na kiwanja kilikuwa cha Waggoner. Wengine walikaa hapo miongo mingi, wastaafu wengi, wakilipa kodi ya ardhi kila mwaka. Wakaambiwa waondoke hadi mwisho wa Januari 2017. Nyumba unaweza kuibeba? Sheria haikuvunjwa. Mkataba ulikwisha, na mwenye lango alikuwa amebadilika.

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipopendekeza ardhi iwe mali binafsi ya kuuzwa na kununuliwa, Mwalimu Nyerere aliandika makala yake "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu ana haki juu ya kile alichokiongeza kwa jasho lake, si juu ya udongo wenyewe ambao hakuutengeneza, na ardhi ikiwa bidhaa, siku moja wachache watakuwa na nchi na wengi watakuwa wapangaji. Watu wa ziwa Diversion ni ushahidi wa hoja hiyo katika nchi tajiri kuliko zote. Pendekezo lile lilikataliwa, na baada ya Uhuru, kwa sheria ya mwaka 1963, hati za milki za kudumu zilizokuwapo zikageuzwa. Hadi leo ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zimelirudia jambo hilo.

Hata hivyo itakuwa uvivu wa fikra kufungia hapo na kujipongeza. Ardhi ya Texas nayo ilikuwa ya umma. Kulungu wa Texas hadi leo ni wa umma. Neno umma katika sheria halizuii lango kujengwa. Linaeleza tu nani aulizwe kabla ya kulijenga. Sheria zile zile za 1999 zilikubali kwamba haki ya kutumia ardhi ina thamani ya fedha, na soko la haki hizo limekua mbele ya macho yetu. Mdhamini akiwa ni dola, bado swali la lango lipo. Juni 2022 uwekaji wa vigingi katika kilometa za mraba 1,500 za Loliondo ulileta mgongano baina ya vyombo vya dola na wafugaji, na damu ilimwagika pande zote mbili. Kada anayesema kwamba pale hapana suala la kinadharia kwa kuwa ardhi ni ya umma, huyo amesoma kichwa cha sheria akaacha vifungu.

Pitia vibao na matangazo ya mashamba katika barabara zetu kuu. Shamba linauzwa, ekari mia kadhaa, lina hati, lina maji, halina mgogoro. Maneno mawili ya mwisho ndiyo ya kuhakikiwa. Ranchi ya Waggoner mwaka 2014 haikuwa na mgogoro pia, ila ule wa warithi. Mgogoro wa Wacomanche ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1875, na wa wapangaji wa ziwani ulikuwa bado haujaanza. Kwa sheria yetu ya ardhi ya vijiji, ardhi ya kijiji isihamishwe bila mkutano mkuu wa kijiji kuelezwa na kujadili, na ikizidi hekta 250 jambo hupelekwa hadi kwa Waziri. Muhtasari wa mkutano huo ni karatasi iliyopo au isiyopo, na mjumbe yeyote wa halmashauri ya kijiji anaweza kuiomba. Waulizeni wenye vibao tarehe ya mkutano, idadi ya waliohudhuria, na mahali wanapolisha ng'ombe wao sasa wale waliokuwa wakilisha pale.